Kabla ya kukopa mashine ya baridi, Kihagara itazame ziwa lake

WIKI sita zilizopita nilikaa chini ya mwembe pale Kihagara, wilayani Nyasa, pamoja na vijana saba waliokuwa wameshika karatasi moja ya kuwaingiza kwenye deni. Ilikuwa profoma kutoka kwa muuzaji wa vifaa wa jijini Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na mashine moja ya kupoza maji, ambayo mafundi huiita chila, rejeta mbili zenye feni, pampu, tangi la lita 1,000, taa kumi za kukuzia mimea na paneli za kuziba chumba kisiingize joto. Jumla yake ilipita Sh milioni 20.

Vijana hao walikusudia kulima saladi na stroberi ndani ya chumba kilichofungwa, mita chache kutoka ufukweni, na kuuza Songea. Fedha wangezipata kwenye mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Andiko la mradi lilikuwa limekamilika. Kilichobaki ni neno la mchumi wa kilimo.

"Mtaalamu, wewe tusainie tu hapo kwamba soko lipo," aliniambia katibu wao. "Mengine yote tumeshayapanga."

Sikusaini, na sababu zake haziwahusu vijana hao saba peke yao. Tangu Ruvuma iunganishwe na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme inayotoka Makambako hadi Songea, wauzaji wa vifaa vya kilimo cha ndani wamepata mlango wa kuingilia. Kabla ya hapo Songea na Mbinga ziliendeshwa na majenereta ya dizeli, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angefikiria kupoza chumba cha mboga kwa umeme wa aina hiyo. Leo nguzo zipo, simu za kisasa zipo, na picha za mboga zinazoota chini ya taa za zambarau huko ughaibuni zinamfikia kila kijana. Kitu kinachouzwa ni cha kweli na kinafanya kazi. Swali la kujiuliza ni kama kazi hiyo inalipa katika mwambao huu.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wanaombwa fedha kwa ajili ya kitu ambacho hawajaelezwa. Chila ni friji inayopoza maji badala ya kupoza soda. Kompresa hukandamiza gesi, gesi hubeba joto la maji na kwenda kulitupa nje, na maji yanabaki ya baridi ndani ya tangi. Maji hayo husukumwa na pampu hadi chumbani, yakapita ndani ya kifaa ambacho wahandisi hukiita kibadilisha joto. Mafundi wetu wanacho tayari jina lake: rejeta. Kila dereva wa basi la Mbinga anaijua. Kwenye gari, maji ya moto ya injini hupita ndani ya vijibomba na upepo hupita nje, joto likahama bila maji na upepo kugusana. Chumbani kazi ni hiyo hiyo iliyogeuzwa: maji ya baridi hupita ndani, hewa ya moto ya chumba husukumwa na feni nje, na maji hurudi kwenye tangi yakiwa yamebeba joto.

Mfumo huu una ubora wake na sipendi kuuficha. Kwanza, maji hutunza ubaridi kuliko hewa. Tangi la lita 1,000 likipozwa kwa nyuzi 10 linakuwa limeweka akiba ya kuondoa joto la uniti 11 na nusu hivi. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya sola inaweza kuendelea kuzungusha maji hayo na mimea ikapona. Kiyoyozi cha kawaida kikizimika, hakina akiba yoyote. Pili, chila moja inaweza kuhudumia vyumba vitatu au vinne kwa mabomba tu. Ndiyo maana mahoteli makubwa na viwanda vya maziwa vinatumia mfumo wa namna hii.

Tatizo lipo kwenye hesabu ya joto. Katika karatasi ile hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema chumba kitazalisha joto kiasi gani.

Taa kumi za wati 600 ni kilowati 6. Mtu hudhani umeme wa taa unageuka kuwa mwanga, na mwanga unageuka kuwa saladi. Ukweli ni kwamba karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto ndani ya chumba hicho hicho, kwa sababu mmea hutumia sehemu ndogo mno ya mwanga kujijenga. Taa zikiwaka saa 12 kwa siku zinakula uniti 72. Joto hilo la uniti 72 lazima liondolewe, na chila nzuri huondoa joto la uniti tatu kwa kila uniti moja ya umeme inayokula. Kwa hiyo ongeza uniti 24. Jumla ni uniti 96 kwa siku, na hapo sijagusa joto linalopenya ukutani na kwenye paa katika mwambao ambao hewa ya mchana hupita nyuzi 30 kwa miezi kadhaa, wala umeme wa pampu na feni.

Mteja wa kawaida wa Tanesco analipa takriban Sh 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Uniti 96 ni zaidi ya Sh 34,000 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya Sh milioni moja. Vijana hawa wangelazimika kila siku ya Mungu kuuza kwanza saladi ya Sh 34,000, ndipo waanze kuhesabu mbegu, virutubisho, vifungashio, nauli ya kwenda Songea, na mwisho kabisa rejesho la mkopo. Nilipoiandika hesabu hii kwenye mchanga kwa kijiti, mmoja wao aliuliza kama halmashauri inaweza kuwasaidia kulipa umeme. Niliona hapo ndipo mradi ulipofia, ingawa hakuna aliyesema.

Msomaji anaweza kudhani hili ni tatizo la umaskini wetu. Hapana. Huko Marekani, kampuni ya AeroFarms, iliyokuwa ikitajwa kila mahali kama mfano wa kilimo cha ndani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023. Bowery Farming ilifunga shughuli zake Novemba 2024. Plenty nayo ilikwenda mahakamani Machi 2025. Hawa walikuwa na mitaji ya mamia ya mamilioni ya dola, wahandisi wa kila aina na wateja wa maduka makubwa mlangoni. Gharama za ujenzi na za umeme zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaelemea. Mtu anayejaribu kulitoa jua nje ya kilimo na kulirudisha ndani kupitia mita ya umeme anapaswa kuwa na zao la bei kubwa sana.

Na hapa Kihagara kuna mshindani ambaye hakutajwa kwenye andiko. Yupo juu tu. Mwambao wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Milima ya Umatengo, kule kwenye kahawa na mashimo ya ngolo, inapita mita 1,500 sehemu nyingi. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 au karibu na hapo. Mkulima wa Umatengo anayepanda saladi nyuma ya nyumba yake amepewa bure na Mungu ubaridi ule ule ambao vijana wa Kihagara walitaka kuukopea. Tena kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa kuna lami ya kilometa 66. Lami hiyo inashusha mboga za mlimani kwa urahisi ule ule inaopandishia samaki. Bei ya saladi ya Songea itapangwa na mkulima asiyelipa umeme, na kijana wa Kihagara atalazimika kuifuata.

Kwa hiyo tuwaambie vijana wa mwambao waendelee na mihogo na kusubiri usipa? La hasha. Nilichowaambia ni kwamba chanzo kikubwa cha ubaridi katika wilaya yao hakipo kwenye profoma. Kipo mbele ya macho yao, kinapiga mawimbi.

Wapo waliotangulia duniani kutumia maji ya kina kirefu kupozea. Mji wa Toronto, Kanada, tangu mwaka 2004 unavuta maji ya Ziwa Ontario kutoka kina cha mita 83, yakiwa na nyuzi 4 tu, na kuyapitisha kwenye vibadilisha joto vinavyopoza majengo ya katikati ya mji. Huko Keahole, katika visiwa vya Hawaii, bomba huvuta maji ya bahari kutoka kina cha zaidi ya mita 600, na wataalamu walijaribu kuyapitisha kwenye mabomba yaliyofukiwa udongoni ili kupanda mazao ya nchi za baridi, stroberi ikiwemo, katika ardhi ya joto na ukavu. Hapa jirani, huko Naivasha nchini Kenya, shamba la maua la Oserian lilifanya kinyume chake. Kuanzia mwaka 2003 lilitumia joto la kisima cha jotoardhi, kupitia vibadilisha joto hivyo hivyo, kupasha vitalu vya maua usiku ili unyevu usilete ukungu. Wote hao, kabla ya kuchagua mashine, waliuliza kwanza ardhi na maji ya mahali pao yana nini.

Ziwa Nyasa lina nini? Lina kina cha takriban mita 700 mahali pake pa ndani kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea. Wakisikia kina hicho wanadhani chini kuna maji ya barafu kama Toronto. Hakuna. Ziwa la nchi za joto halina msimu wa baridi kali wa kushusha maji ya nyuzi 4 chini. Maji ya chini kabisa ya Nyasa yana nyuzi 22 hadi 23, na yamekaa hivyo mwaka mzima, bila hewa ya oksijeni, kwa sababu hayachanganyiki vizuri na ya juu. Juu, maji hufikia nyuzi 28 kati ya Desemba na Machi. Kisha upepo wa kusini unaovuma katikati ya mwaka huyakoroga na kuyapoza, hata ifikapo Agosti uso wa ziwa huwa karibu nyuzi 24, kabla ya kuanza kupanda tena taratibu.

Maana yake kwa mkulima ni hii. Maji ya nyuzi 24 yakipita kwenye rejeta yenye feni nzuri yanaweza kukishusha chumba hadi nyuzi 27 au 28 wakati nje ni 32. Hayawezi kukifikisha kwenye 18. Saladi na stroberi bado zitalia. Vilevile maji hayo hayatakausha unyevu wa chumba kilichojaa mimea inayotoa jasho, kwa kuwa ili rejeta iondoe unyevu ni lazima iwe ya baridi sana kuliko hewa, kama chupa ya soda inayotokwa na matone. Kwa mimea ya majani katika chumba kilichofungwa, upungufu huo peke yake unatosha kuleta ukungu.

Lakini lipo zao la ndani ambalo haliombi nyuzi 18, haliombi taa kumi, na unyevu huo unaowaua wengine lenyewe linaupenda. Ni uyoga aina ya mamama.

Mamama hukua vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 kutegemea mbegu. Kipindi cha mbegu kutambaa kwenye mifuko huhitaji giza. Kipindi cha kuchipua huhitaji hewa safi, mwanga kidogo wa kuonea, na unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Chakula chake ni majani makavu ya mpunga, mabua, magunzi na hata maganda ya kahawa, ambayo Mbinga haijawahi kupungukiwa nayo. Uyoga wa vifungo, ule mweupe wa kwenye pizza za hotelini, ndio unaotaka nyuzi 16 hadi 18 wakati wa kuchipua. Huo nao tuwaachie watu wa milimani.

Sasa tazama kalenda, maana kwa mchumi hapa ndipo penye utamu. Wakati wa masika watu wa Ruvuma hawanunui uyoga wa mifukoni. Misitu ya miombo imejaa uyoga wa porini, akina mama wanaupanga barabarani kwa sahani, na bei inaanguka. Uyoga wa kulimwa unapata bei kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, wakati porini hakuna kitu. Na huo ndio wakati ambao banda la uyoga la mwambao linaunguzwa na joto la mchana, wakulima wanavunjika moyo, mifuko inakauka. Hali kadhalika huo ndio wakati ambao maji ya ziwa bado ni ya baridi kutokana na upepo wa kusini, na hewa ni kavu kiasi kwamba magunia yaliyoloweshwa ukutani na mchanga uliomwagiwa maji sakafuni hupoza vizuri. Soko, ziwa na hewa vinakubaliana katika miezi ile ile. Ifikapo Januari hewa imejaa maji, magunia hayapozi tena, ziwa limepata moto, na bei ya uyoga imeshuka. Mkulima anapumzisha banda, anasafisha, analipa deni.

Gharama za kuyatumia maji ya ziwa ni ndogo kiasi cha kushangaza. Meta moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikipata joto la nyuzi 3 tu inakuwa imebeba uniti 3 na nusu za joto. Kuipandisha meta hiyo mita 10 juu ya ziwa kwa pampu ya kawaida kunakula kama sehemu moja ya ishirini ya uniti. Hata ukiongeza mara mbili kwa ajili ya msuguano wa bomba, uniti moja ya umeme inabeba joto la uniti 35. Chila inabeba tatu. Na wale wanaohofu kuvuta maji kutoka chini ya mita 40 wasiogope kina chenyewe. Maji ndani ya bomba na maji nje ya bomba yanalingana, hivyo pampu hailipii kina. Inalipia urefu wa kutoka usawa wa ziwa hadi bandani, na msuguano.

Tuseme banda dogo la matofali mabichi, lenye paa nene la nyasi, linahitaji kuondolewa kilowati 2 za joto kwa saa 10 za mchana. Hiyo inataka lita 600 hivi kwa saa, lita 6,000 kwa siku. Pampu na feni vitakula chini ya uniti 2, ambazo ni kama Sh 700. Paneli chache za sola zinatosha, kwa kuwa jua linapowaka ndipo banda linapohitaji kupozwa. Mtu atasema silinganishi vitu vinavyofanana, kwa sababu uyoga hauna taa. Ni kweli, na hilo ndilo ninalolisema: zao lisilohitaji kununuliwa jua linastahili kupewa nafasi ya kwanza.

Lita 6,000 hizo zikitoka kwenye rejeta hazijachafuka. Zimepata joto la nyuzi 3 tu. Ukizipeleka kwenye bustani kwa kiwango cha lita 5 kwa kila meta ya mraba, zinamwagilia meta 1,200, zaidi ya robo ekari ya mchicha, bamia na nyanya za kiangazi. Kwa maneno mengine pampu moja imefanya kazi mbili, na bustani ndiyo itakayolipa pampu hata kama uyoga utakataa mwaka wa kwanza. Katika profoma ile maji yalikuwa yanazunguka ndani ya tangi mchana na usiku bila kumwagilia hata mche mmoja.

Maji ya Nyasa pia ni baridi asiye na chumvi. Wenzetu wa pwani wakitaka kutumia maji ya bahari wanahitaji vyuma ghali visivyoliwa na kutu. Hapa rejeta ya lori iliyotumika, ikioshwa mafuta na kupimwa kama inavuja, inaweza kuanzia kazi. Adui atakuwa ni utelezi wa kijani unaoziba vijibomba. Lazima kuwe na chujio, na rejeta isafishwe kila baada ya muda. Anayeingia majini kusafisha mdomo wa bomba akumbuke kichocho, ambacho katika ziwa hili si hadithi.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo banda lisijengwe ufukweni kama ilivyochorwa kwenye andiko lile. Matumizi ya maji kwa biashara yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Ni afadhali kuyajua haya kabla ya kufyatua matofali.

Vijana waliniuliza: kwa hiyo chila haina nafasi kabisa? Inayo. Nchini Singapore, ambako joto na unyevu ni zaidi ya Kihagara, watafiti akiwemo Profesa Lee Sing Kong walionyesha miaka ya 1990 kwamba saladi ya nchi za baridi inaweza kukua katika kitalu cha wazi chenye joto la kawaida ikiwa mizizi yake peke yake itapozwa, kwa kunyunyiziwa maji ya virutubisho yenye nyuzi 20 hivi. Hupozi chumba wala huwashi taa. Unapoza tangi na mifereji iliyofunikwa, majani unayaachia jua la bure chini ya neti ya kivuli. Kazi hiyo inahitaji chila ndogo sana, na chila hiyo ikitupa joto lake kwenye maji ya ziwa ya nyuzi 25 badala ya hewa ya nyuzi 32, inakula umeme kidogo zaidi. Kama siku moja Mbamba Bay itakuwa na mahoteli ya kutosha ya kula saladi iliyochumwa asubuhi, mradi wa mizizi ningeweza kuusaini, tena kwa majaribio ya vitanda viwili. Na kama mashine ya baridi lazima iletwe mwambao mwaka huu, kwa maoni yangu ianze na barafu ya samaki. Samaki wanaharibika tayari, hawasubiri soko litafutwe.

Uyoga nao una hatari zake, nisije nikaonekana nauza profoma ya pili. Mbegu bora inatoka mbali na ikichelewa njiani kwenye joto inakufa. Mifuko isipochemshwa vizuri huota ukungu wa kijani na kazi ya mwezi mzima ikaenda na maji. Uyoga mbichi haukai zaidi ya siku moja au mbili kwenye joto, na kutoka Kihagara hadi Songea ni safari. Sehemu kubwa italazimika kukaushwa, na kilo 10 mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Bei ya kikavu lazima ihesabiwe hivyo tangu mwanzo. Ninachosema ni kwamba hatari hizo ni za ukubwa wa mtaji wa kikundi. Banda likishindwa, yanabaki matofali, pampu na bustani. Chila ikishindwa, kinabaki chuma kinachosubiri gesi na fundi kutoka mjini, na deni ambalo wanakikundi wote saba wanalidhamini.

Hapa ndipo ninapozigeukia halmashauri, Nyasa na nyingine zote zinazopakana na maji, kuanzia Kyela hadi Ludewa. Utoaji wa mikopo hii ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Utaratibu huo unakagua katiba ya kikundi, akaunti ya benki na mihtasari ya vikao. Hayo ni mazuri. Lakini kamati ikiletewa andiko la kupoza chumba cha kilimo, iulize pia kilowati za joto ni ngapi, kilo moja ya zao itakula uniti ngapi, na mkulima wa mlimani anauza kilo hiyo kwa bei gani. Ofisa maendeleo ya jamii hakusomea mambo haya na si haki kumlaumu. Basi amwite fundi wa majokofu wa VETA, akae kwenye kikao kwa nusu siku. Posho yake haifikii hata bei ya taa moja iliyoandikwa kwenye karatasi ile.

Na kabla ya mkopo wowote, kuna kipimo ambacho hakihitaji mkopo. Mtumbwi, kamba yenye mafundo kila mita 5, chupa yenye kifuniko cha kuvutwa kwa uzi, na thermometa. Upime joto la maji ya Kihagara kwa kina, mara moja kwa wiki, kwa mwaka mzima, na siku hiyo hiyo uandike joto la hewa saa nane mchana. Wavuvi wa pale wanajua vilindi viko wapi na viko mbali kiasi gani na nchi kavu. Wanajua hata siku ambazo maji ya chini hupanda juu. Daftari hilo la kurasa chache ndilo litakaloamua urefu wa bomba, na urefu wa bomba ndio gharama kubwa ya mradi wote.

Profoma ile ilikuwa na uhai wa siku 30, nazo zimekwisha. Juzi katibu amenitumia ujumbe. Andiko hawajalipeleka halmashauri. Wamepata kamba ya nyavu ya mita 60 kwa mzee mmoja aliyeacha uvuvi, na wanaomba nikishuka safari nyingine niwaletee thermometa mbili, kwa kuwa moja wana hakika itaangukia ziwani.